Ish Smith, yule jamaa aliyekuja kama pipi ya chenji

Jumapili iliyopita tumemaliza kucheza kikapu pale Don Bosco Upanga, jua linazama, tumekaa kwenye simenti tunavua viatu, dogo mmoja wa form four akauliza eti ni mchezaji gani kachezea timu nyingi kuliko wote NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani. Kila mtu akaropoka lake. Nikasema ni Ish Smith, timu 13. Kimya. Nikaona macho yananikodolea kama nimetaja jina la fundi bomba wa Tabata. Nikaongeza, "Si yule aliyekuwemo kwenye dili la Hasheem lile la Memphis na Houston?" Hapo ndo kijiwe kikalipuka, ila kililipuka kwa Hasheem, Ish akasahaulika dakika ileile, ikawa ugomvi wa kila siku wa Hasheem alituangusha, hapana hakutuangusha, mpaka mlinzi akaja kutuambia anafunga geti.

Sasa mie nimekuja kumalizia huku maana hawakuniacha niongee.

Turudi Februari 24, 2011. Siku ile ilikuwa mwisho wa timu za NBA kubadilishana wachezaji, saa za kwetu ilikuwa usiku saa tano, nami nilikuwa nimelala. Nimekuja kuona asubuhi ya Ijumaa kwenye Facebook, kwa ile simu ya Nokia na Opera Mini inayofungua picha nusu nusu. Hasheem Thabeet kahamishwa. Wadogo huenda hamuelewi Hasheem alikuwa nani kwetu miaka ile. Mtoto wa Dar, kapita Makongo, akaenda Marekani, akacheza chuo cha Connecticut, halafu 2009 akachaguliwa namba 2 kwenye drafti nzima, yaani ile zamu ya timu za NBA kuchagua wachezaji wapya, nyuma ya Blake Griffin tu. James Harden alikuwa namba 3, Stephen Curry namba 7. Mtanzania wa kwanza NBA, urefu mita 2.21. Sisi tuliokuwa tunacheza na mpira uliochubuka mpaka ukawa mweupe tulitembea mabega juu mwaka mzima.

Kwa hiyo Ijumaa ile tukasoma dili kama watu wanaosoma wosia. Memphis Grizzlies wametoa Hasheem, wametoa DeMarre Carroll, na juu yake wametoa haki ya kuchagua mchezaji raundi ya kwanza huko mbeleni. Houston Rockets wametoa Shane Battier na mtu anaitwa Ish Smith. Battier tulimjua, mkabaji, mtu mzima, ana akili. Ila huyu wa pili? Tulikuwa na mshkaji mmoja tunamwita Senta, kama yule mrefu anayekaa chini ya kikapu, ingawa hakuwa mrefu kihivyo, alikuwa anakunywa maji ya Kandoro, akatema ule mfuko akasema, "Huyu ndo pipi ya chenji."

Kama umekulia Dar hilo halihitaji maelezo. Unaenda dukani kwa Mangi na buku, unanunua kitu cha mia tisa na hamsini, Mangi hana hamsini, anakupa pipi. Hukuiomba, hukuichagua, ila hesabu lazima ifungwe. Tulicheka sana, na nakiri mie ndo nilicheka kuliko wote.

Ila nilikuja kugundua baadae kwamba Senta alikuwa sahihi kuliko alivyojua mwenyewe, maana huyu mtu maisha yake karibu yote kwenye ile ligi alikuwa pipi. Februari 2013 Orlando Magic wanampeleka J.J. Redick Milwaukee, nani yumo ndani ya mzigo? Ish Smith. Agosti mwaka huohuo Milwaukee wanamtaka Caron Butler kutoka Phoenix, nani anatolewa pamoja na senta mmoja wa Ukraine anaitwa Kravtsov? Ish Smith. Mpaka 2022 huko Washington wanampeleka Kentavious Caldwell-Pope Denver ili wapate Monte Morris na Will Barton, ukisoma mwisho wa sentensi unamkuta yuleyule. Jina lake linakaa baada ya neno "pamoja na". Miaka kumi na zaidi anaishi nyuma ya "pamoja na".

Hapa kwetu mchezaji akitoka Msimbazi akaenda Jangwani nchi inasimama, redio zinaongea wiki nzima, na mchezaji mwenyewe lazima akubali maslahi kabla hajavaa jezi. NBA sio hivyo, kule mkataba ndo unaouzwa na wewe umo ndani yake. Unaweza ukawa unakula chakula cha mchana Orlando, simu ikaita, jioni wewe ni mtu wa Milwaukee na kule kuna theluji. Hakuna anayekuuliza mtoto anasoma shule gani. Ni wachache sana wenye haki ya kukataa kwenye mikataba yao, na pipi haiwezi kuwa na haki hiyo.

Alikotoka sasa. Kazaliwa 1988 Charlotte, North Carolina, kacheza chuo cha Wake Forest miaka yote minne kuanzia 2006, na Januari 2009 timu yao ilishika namba moja kwa ubora kwenye vyuo vyote vya Marekani, kwa hiyo sio kwamba alikuwa mtu wa mchangani. Mfupi kwa vipimo vya kule, mita 1.83 hivi, lakini mbio, jamani, mbio. Ukimtazama anatoka na mpira kwenye goli lake unadhani mkanda umepelekwa mbele. Tatizo lake kila mtu alilijua, mitupo ya pointi tatu haikuwa fani yake, na pointi gadi, yaani yule mpanga mashambulizi, asiyetupa kwa mbali anaachiwa nafasi makusudi, beki anarudi nyuma hatua mbili anakwambia haya tupa tuone. Drafti ya 2010 wakaitwa watu 60. Hakuitwa.

Ndo akaingia Houston kwa mlango wa nyuma, miezi michache akaenda Memphis kama nilivyosema. Na Memphis ile ndo iliyoingia pleiofu, ile mitoano ya mwisho wa msimu, kama timu ya nane ikaitoa San Antonio Spurs iliyokuwa ya kwanza, Battier ndo katupa ile pointi tatu iliyomaliza mechi ya kwanza. Ish alikuwa kwenye kikosi, anasugua benchi lakini yupo. Baada ya hapo nitaenda haraka maana hata yeye alienda haraka. Golden State mwishoni mwa 2011, wiki chache, akatemwa. Orlando. Milwaukee. Phoenix msimu wa 2013/14, ile Phoenix ya Goran Dragic na Eric Bledsoe iliyoshinda mechi 48 na bado haikuingia pleiofu. Houston tena, akatemwa Desemba 2014. Oklahoma City. Februari 2015 Oklahoma wakampeleka New Orleans, New Orleans wakamwacha palepale hata jezi hajavaa, Philadelphia wakamuokota.

Neno kuokota naona ni sahihi kabisa. Timu ikimuacha mchezaji kule, zingine zina masaa 48 ya kusema huyu tunamtaka, na anayemtaka anachukua na mkataba wake kama ulivyo. Yaani kuna masaa 48 uko hewani, umekaa na begi, unasubiri timu zingine 29 ziseme neno. Yeye alikaa hewani hivyo mara ngapi sijui, mie ningepata vidonda vya tumbo.

Ukimsikia mtu anasema kachezea timu 13 maana yake hafai, muulize swali moja tu. Anajua kazi ya pointi gadi? Senta akihamia timu mpya anaambiwa kaa hapa, ruka, kaba, na akikosea anasamehewa maana ni mrefu. Mtupaji anaambiwa kaa kwenye kona pale mpira ukija tupa. Ila pointi gadi anashika mpira tangu sekunde ya kwanza, yeye ndo anaita seti, anatakiwa ajue senta wake anapenda pasi ya juu au ya kudundisha, nani akisubirishwa mpira ananuna, kocha akinyoosha vidole viwili maana yake nini, na mwaka jana vidole vivyohivyo viwili kwenye timu nyingine vilikuwa na maana tofauti kabisa. Wahenga walisema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe. Pointi gadi anashuka kwenye ndege asubuhi na usiku uleule jembe liko mkononi, tena shamba halijui.

Mie nimecheza timu nne hapa Dar, na sio timu za maana sana, zile za kuanzia saa moja asubuhi uwanjani kabla wenye uwanja hawajaja. Kuna moja, jina nalihifadhi, nilihamia katikati ya msimu, kocha akanipa mazoezi mawili tu halafu Jumamosi nikaanza. Sikujua majina. Nilikuwa naita "kaka! kaka!" na wanageuka watu wanne kwa pamoja. Nikampa pasi winga wetu mgongoni kwake kabisa, mpira ukatoka nje ukaenda kugonga ndoo ya mama muuza maandazi, nikatolewa robo ya pili na sikurudi. Na nauli waliyoniahidi hawakulipa mpaka leo, ila hiyo ni stori nyingine. Nilichotaka kusema ni kwamba mie kilinishinda kwa timu nne ambazo zote nafika kwa daladala, na zote wanaongea Kiswahili kilekile cha kunitukana.

Sasa kuna msimu mmoja nataka niukalie. 2015. Philadelphia walimuokota Februari akacheza vizuri sana, msimu ulipoisha wakamwacha aende zake, bure. Akaenda Washington kujaribiwa, Washington wakamtema kabla ligi haijaanza, New Orleans wakamchukua. Huku nyuma Philadelphia wakaanza ligi bila pointi gadi wa kueleweka, na hapa nisaidieni kucheka, wakacheza mechi 31 wakashinda moja. Moja! Timu ya vijana warefu wazuri, Jahlil Okafor, Nerlens Noel, lakini hakuna wa kuwapa mpira wakiwa wanakimbia, wanabaki kurushiana tu kama watu wanaopeana sahani ya moto. Mkesha wa Krismasi Philadelphia wakapiga simu New Orleans. Tunaomba yule mtu wetu. Na safari hii wakalipa, haki mbili za kuchagua raundi ya pili, kwa mtu yuleyule waliyemwacha bure miezi michache nyuma.

Na tazama jinsi dili hili lilivyo tofauti, hapa hakuna "pamoja na". Dili zima ni yeye peke yake. Pipi imekuwa bidhaa.

Mechi yake ya kwanza Desemba 26 ilikuwa Phoenix, kwenye uwanja wa timu yake ya zamani, na wakashinda. Mgeni njoo mwenyeji apone. Sitaki kudanganya nikasema aliwapeleka popote, walimaliza na ushindi 10 na vipigo 72, ni moja ya misimu mibovu kuliko yote iliyowahi kuchezwa. Ila yeye kwa mechi 50 alizocheza pale alikuwa na wastani wa karibu pointi 15 na asisti 7, yaani pasi za kufungisha, kila mechi, na ukiangalia zile mechi unaona kabisa Noel anaanza kuruka tena, maana mpira unamkuta juu palepale anapoutaka. Hii ndo kazi ambayo haionekani kwenye stori za kijiweni, mtu kuja kuwafanya wenzake waonekane kama watu waliosomea.

Msimu ulipoisha Detroit Pistons wakampa mkataba wa miaka mitatu, dola milioni 18. Miaka sita ya kubeba begi, ndo mara ya kwanza mtu anamwambia nunua kochi. Detroit alikaa misimu yote mitatu, hakuna sehemu alikaa muda mrefu kuliko hapo, na nadhani hata majirani walimjua. Halafu dunia ndogo, Januari 2018 Pistons wakamleta Blake Griffin. Yule aliyeitwa kabla ya Hasheem. Kwa hiyo Ish ambaye hakuitwa kabisa, anampa pasi namba moja, baada ya kubadilishana njia na namba mbili. Nilimtumia Senta hiyo akanijibu tu "unamfuatilia sana huyu mtu nenda kaoe."

Kuhusu Hasheem mwenyewe. Watu wakisema alituangusha wanasahau jinsi ile ligi inavyokula. Msimu wake wa kwanza tu Memphis walimshusha kwenye ligi ndogo, na ukiitwa namba 2 ukashushwa, hata ukipiga chafya inaandikwa. Baada ya Houston akaenda Portland, akakaa Oklahoma City misimu miwili mpaka 2014, Agosti hiyo wakampeleka Philadelphia wakamwacha hata hajacheza. Baadae kacheza Japani, kacheza Taiwan. Angalia hiyo njia. Houston, Oklahoma, Philadelphia, ni vituo vilevile vya Ish, tena Ish kaingia Oklahoma miezi michache tu baada ya Hasheem kutoka. Walikuwa wanapishana kama daladala mbili za njia moja, moja inapakia Gerezani nyingine inashusha Mbagala. Tofauti ni matarajio. Mmoja alipokuwa anatoka Memphis watu walisema kashindwa, mwingine alipokuwa anaingia Memphis hakuna aliyesema chochote. Sijui kipi kigumu zaidi, ila najua ukiwa pointi gadi mfupi ambaye hakuna anayekutazama unaweza ukakosea mara sita na ukapata ya saba, na ukiwa mrefu wa mita mbili na ushee huna pa kujifichia. Na yule DeMarre Carroll wa dili lilelile naye Houston walimtema, baada ya miaka michache akapata mkataba mnono Toronto. Kwa hiyo tuwe wapole tukisema nani kashindwa.

Baada ya Detroit Ish akaenda Washington misimu miwili. 2021 akasaini Charlotte, nyumbani kwao, hiyo ya 12. Ungedhani hapo ndo mwisho mzuri, mtu karudi kwao akastaafu. Februari 2022 Charlotte wakamrudisha Washington, tena ndani ya mzigo wa mwingine, na Julai ndo lile dili la Denver. Msimu wa 2022/23 ulipoanza akaingia uwanjani na jezi ya Nuggets, timu ya 13, akawapita kina Chucky Brown, Tony Massenburg, Jim Jackson na Joe Smith waliokuwa wanashikilia rekodi ya timu 12. Kati ya hao Joe Smith aliitwa namba moja kabisa drafti ya 1995. Namba moja naye alikuwa anabeba begi, jamani.

Fainali ya 2023 nilikuwa natazama kwa simu chumbani, bando la usiku, mechi ya tano inaanza saa tisa na nusu kwa saa zetu. Denver na Miami. Kila mtu alikuwa anamtazama Nikola Jokic, nyota wa Denver, na hata mie, tusidanganyane. Ish hakucheza ya maana kwenye pleiofu zile, alikuwa mwisho wa benchi na tauli, ana miaka 34, anasimama kila taimauti ikiitwa, anawaambia vijana kitu sikioni. Adhana ya alfajiri ikapita mpira bado mgumu, mitupo haiingii pande zote mbili. Ikaisha 94 kwa 89. Ubingwa wa kwanza wa Denver tangu waingie NBA 1976, na kule bingwa anavishwa pete. Karatasi zinadondoka, kamera inamtafuta Jokic ambaye anaonekana kama anawaza farasi wake wa kwao Serbia, na kwa nyuma, sekunde mbili hivi, nikamuona kamfupi kamevaa kofia ya bingwa kanaruka.

Nikatoka nje kunawa uso, kumepambazuka, daladala za kwanza zinapiga honi kule barabarani, na mie kazini natakiwa saa mbili. Simu ikatetemeka. Ilikuwa Senta, ambaye miaka hiyo tulikuwa hatuongei sana, yuko Kahama anafanya mambo yake ya magari. Kaandika mstari mmoja tu: "Mwanangu ile chenji yetu imepata pete."